Mafuta, Moshi na Nauli ya Mfanyakazi

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya wafanyakazi wa karakana mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi la Nairobi. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la mkutano, ili wale waliokuwa zamu nao wayasome.)



Kamati ya tawi imetutaka sisi wa karakana tuseme machache juu ya mafuta yanayochomwa na magari ya mji huu, moshi wake, na jinsi sisi wafanyakazi tunavyoweza kuvipunguza. Sisi si wataalamu wa vyuo vikuu. Elimu yetu ni ya shule ya msingi ya misheni, na iliyobaki tumeipata chini ya injini, spana mkononi. Lakini anayeifungua injini kila siku anajua inakula nini na inatema nini. Basi tutasema yale tunayoyajua.

Wengine watauliza: habari ya moshi yaingia wapi katika chama cha wafanyakazi? Chama ni cha mshahara, saa za kazi, nyumba na matibabu. Jawabu letu ni kuwa moshi umo ndani ya hayo yote manne. Umo ndani ya mshahara, kwa sababu nauli hutoka katika mshahara kabla ya unga. Umo ndani ya saa za kazi, kwa sababu saa zinazokwisha barabarani katika msongamano hakuna mwajiri azilipaye, wala hatuzipumziki. Umo ndani ya nyumba, kwa sababu mwenye mshahara mdogo ndiye anayepanga chumba kando ya barabara kuu na kando ya kituo cha matatu. Tena umo ndani ya matibabu, kwa sababu kifua kinachokohoa usiku ni cha mtoto wake.

TULIKOTOKA

Kwanza tukumbuke kuwa sisi watu wa reli tumekwisha kuona mafuta yakibadilika zaidi ya mara moja. Reli hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Injini za siku zile zilikula kuni. Misitu mingi iliyokuwa karibu na njia ilikatwa, na miti ya kigeni ikapandwa nyanda za juu ili kuni zisikome. Baadaye zikaja injini kubwa za mvuke zilizochoma mafuta mazito. Mnamo 1955 na 1956 zililetwa injini 34 za aina ya Garratt, daraja la 59, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Moja yao, iitwayo Mount Gelai, ingalipo katika makumbusho ya reli hapa Nairobi, na anayetaka aende akaione. Kuanzia miaka ya 1960 injini za dizeli zikazidi, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 mvuke ulikuwa umeondolewa kazini.

Katika kila badiliko hilo kazi fulani ilikufa na nyingine ikazaliwa. Mkata kuni alikwenda zake. Mchochezi aliyekuwa akitunza moto mbele ya tanuru naye akakosa tanuru. Fundi wa bwela ilimbidi ajifunze mambo ya dizeli, la sivyo angebaki na nyundo isiyokuwa na kazi. Tutarudi kwenye jambo hili mwishoni, maana ndilo linalowatia hofu wengi kati yetu.

Na barabarani nako mambo yalibadilika. Kampuni ya mabasi ya mji ilianza mwaka 1934. Matatu zilizuka baadaye, zikaitwa hivyo kwa sababu nauli yake ilikuwa mapeni matatu ya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Kenyatta alizipa ruhusa ya kubeba abiria bila leseni ile ya uchukuzi waliyokuwa nayo wenye mabasi. Zimewasaidia wengi, nasi hatutazitukana, kwa kuwa mabasi hayakufika kule tulikopanga vyumba. Lakini tangu wakati ule usafiri wa maskini wa mji huu umekuwa mikononi mwa magari madogo madogo mengi, kila moja na injini yake, kila moja na moshi wake.

MAFUTA NI FEDHA

Nchi yetu haina kisima cha mafuta kinachotuendeshea magari. Kiwanda cha kusafishia mafuta kule Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu hapo petroli na dizeli huja kwa meli zikiwa tayari zimesafishwa. Kwa hiyo watu wagombanapo mbali, au meli ikichelewa, au shilingi ikishuka, sisi wa Embakasi na Dandora ndio tunaolipa kituoni. Mwaka 2023 tuliona jambo hili kwa macho. Mwezi wa Julai kodi ya thamani juu ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16, na mwezi wa Septemba bei ya lita moja ya petroli hapa Nairobi ikapita shilingi 200. Nauli ilipanda siku hiyo hiyo. Mshahara haukupanda siku hiyo hiyo.

Tupige hesabu ya mtu mmoja. Tuseme analipa shilingi 100 kwenda kazini na shilingi 100 kurudi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 5,200 kwa mwezi. Mvua ikinyesha, nauli hupandishwa, na hesabu hii haitoshi. Chama kikishinda nyongeza ya shilingi elfu moja baada ya mazungumzo marefu, na nauli ikapanda shilingi 20 kila safari, nyongeza yote imekwisha, tena na deni la shilingi 40. Basi, ndugu, mtu anayepigania mshahara bila kuangalia mafuta anachota maji kwa pakacha.

MOSHI NI NINI

Moshi wa gari una mambo mawili, na ni vizuri tuyatenganishe.

La kwanza ni ile hewa ya ukaa ambayo haionekani wala hainuki. Kila lita ya dizeli iliyochomwa hutoa karibu kilo 2.7 za hewa hiyo, na lita ya petroli hutoa karibu kilo 2.3. Msishangae kuwa uzito wa hewa unazidi uzito wa mafuta: ukaa wa mafuta hushikana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua. Hewa hii hupanda, hukaa juu miaka mingi sana, na huzuia joto la dunia lisitoke. Mwenye shamba nyumbani ambaye mvua zake zimepoteza majira anaambiwa sababu moja ni hii. Wengi wetu tuna mashamba hayo, na wazazi wetu wanatupigia simu kutuomba fedha za unga.

La pili ni masizi na hewa kali zinazouma macho na koo. Hizi hazipandi mbali, hubaki hapa hapa stejini. Mwezi wa Juni mwaka 2012 shirika la kimataifa la uchunguzi wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa moshi wa dizeli huleta saratani ya mapafu kwa binadamu. Na miongoni mwa watu waliochunguzwa kwa miaka mingi mpaka jambo hilo likajulikana walikuwamo wachimba migodi, madereva wa malori, na wafanyakazi wa reli wa Marekani. Sikilizeni vizuri: wafanyakazi wa reli. Watu wa kazi kama yetu, katika vibanda vya injini kama vyetu.

Tusiseme hakuna lililofanyika. Risasi iliyokuwa ikitiwa ndani ya petroli, ambayo iliharibu akili za watoto, iliondolewa katika Kenya na nchi nyingine za Afrika kusini ya Sahara kufikia mwanzo wa 2006. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni, kumbe zamani ilikuwa mamia. Mwaka 2018 Serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Mambo haya yalifanyika kwa sheria, na sheria hupatikana watu wakizitaka. Lakini mafuta mazuri ndani ya injini mbovu bado hutoka moshi mweusi.

RELI NA BARABARA

Sasa tuje kwenye jambo tunalolijua zaidi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei. Tairi la mpira juu ya lami hubonyea na kujirudia kila mzunguko, na kwa kubonyea huko hula nguvu. Ndiyo sababu tani moja juu ya reli huvutwa kwa nguvu iliyo ndogo mara tano au zaidi kuliko tani hiyo hiyo barabarani. Anayetaka ushahidi atazame watu wachache wakilisukuma behewa tupu kwa mabega penye njia iliyo sawasawa, kisha awaambie wajaribu lori la uzito huo huo.

Tuseme gari la moshi la asubuhi lina mabehewa kumi, na kila behewa lina watu 100. Hao ni watu 1,000. Ukitaka kuwachukua kwa matatu za watu 14, wahitaji matatu 72. Ukitaka kuwachukua kwa motokaa ndogo, kila mtu na yake kama tunavyowaona wengi asubuhi, wahitaji motokaa 1,000. Na ukizipanga barabarani, kila moja ikichukua mita 6, mstari wake ni kilomita 6. Huo ndio msongamano wa Jogoo Road.

Lakini nasi watu wa reli tusijisifu kupita kiasi. Faida ya gari la moshi ni kujaa. Injini kubwa ikivuta mabehewa matupu inachoma mafuta ya bure, na yaweza kuwa mbaya kuliko basi lililojaa. Tena injini kubwa ya dizeli iliyoachwa ikinguruma usiku kucha kibandani hula zaidi ya lita kumi kwa saa. Kwa saa nane hizo ni lita 80, zaidi ya kilo 200 za hewa ya ukaa, na hakuna hata abiria mmoja aliyesogea. Zipo sababu za kweli za kutozima injini: betri dhaifu, hewa ya breki, hofu kuwa haitawaka alfajiri. Basi dawa ni betri nzuri na matengenezo, na hayo ni maneno ya kupelekwa mbele ya mwajiri, si ya kumlaumu dereva.

Magari ya moshi ya abiria wa mji yapo, kwenda Ruiru, Embakasi, Kikuyu na Syokimau. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012. Shida inayosemwa na abiria si nauli, maana nauli ya reli mara nyingi ni nafuu. Shida ni kuwa safari ni chache, za asubuhi na jioni tu. Anayetoka zamu saa nne ya usiku hana gari la moshi. Anayeingia zamu saa kumi na moja alfajiri hana. Na watu wa zamu ni nani? Ni askari walinzi, wauguzi, watu wa viwandani, na sisi wenyewe. Tunamjua mwenzetu mmoja anayefanya kazi kwenye reli na hawezi kufika kwenye reli kwa reli. Hutoka nyumbani saa tisa ya usiku, hutembea gizani mpaka barabarani, na hulipa matatu mbili. Jambo hili ni la aibu, nalo laweza kurekebishwa kwa kalamu ya anayeandika ratiba.

TUFANYE NINI HUKU MITAANI KWETU

Wataalamu hutaja mambo makubwa ya mabilioni. Sisi tumetafuta yale ambayo tawi laweza kuyaanza bila kungoja mkopo kutoka ng'ambo.

Kwanza, kuzima injini stejini. Injini ya matatu iliyosimama ikinguruma hula karibu nusu lita kwa saa, na kubwa huzidi. Tuseme steji moja ina matatu 20, na kila moja hunguruma saa mbili kwa siku ikingoja kujaa. Hizo ni saa 40, yaani lita 20 kwa siku, na lita 520 kwa siku 26. Hewa yake ya ukaa ni kilo 1,400 kwa mwezi kutoka steji moja, na aliye karibu zaidi na moshi huo ni mama anayeuza mahindi hapo hapo. Lakini tusimwendee dereva kwa matusi. Dereva na makanga ni wafanyakazi kama sisi, na wengi hawana mshahara wa mwezi. Wanamfikishia tajiri kiasi alichokitaja kila jioni na kubaki na kinachosalia. Mtu wa namna hiyo hungoja abiria wa mwisho, hubana nafasi, hukimbia na kufunga breki, na yote hayo yanakula mafuta. Akipata mshahara wa mwezi na foleni yenye utaratibu, atazima injini bila kusukumwa. Kwa hiyo neno la moshi hapa limekuwa neno la mshahara, na chama chetu kishikane mkono na vyama vya madereva.

Pili, matengenezo. Moshi mweusi wa dizeli maana yake ni mafuta yasiyoungua, na mafuta yasiyoungua ni shilingi zinazotoka kwa bomba. Mara nyingi ni chujio la hewa lililojaa vumbi, au nozeli zilizochakaa, au mzigo uliozidi. Tairi lisilo na upepo wa kutosha nalo huongeza ulaji. Mafundi wa karakana tupo. Tunaahidi kuwa Jumapili moja ya kila mwezi tutakaa na madereva wa steji za jirani wanaotaka, tuwaonyeshe namna ya kukagua chujio, tairi na rangi ya moshi. Hatutatoza ada, kila mtu aje na kitambaa chake.

Tatu, miguu na baiskeli. Katika mji huu watu wapatao wanne katika kila kumi huenda safari zao kwa miguu, na si kwa kupenda matembezi. Mtu huyu hachomi hata tone la mafuta, lakini ndiye anayerushiwa matope na kugongwa. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera juu ya waendao kwa miguu na kwa baiskeli, na sera hiyo ilitaja kuwatengea asilimia 20 ya fedha za uchukuzi. Tuwaulize wawakilishi wetu wa wadi: fedha hizo ziko wapi katika mtaa wetu? Njia ya miguu kutoka nyumba zetu mpaka stesheni, yenye taa na daraja juu ya mtaro, ni bei ndogo kuliko mita chache za barabara ya juu. Na kuhusu baiskeli, tusione haya. Bodaboda yenyewe ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, ikichukua watu kati ya Kenya na Uganda. Stesheni ikiwa na mahali pa kufungia baiskeli na mlinzi mmoja, wengi wataziendesha.

Nne, kwenda pamoja. Wako wanachama waliojaliwa kununua motokaa, nasi tunawapongeza. Wakae chini na wenzao wa mtaa mmoja na zamu moja, wachange mafuta, waende wanne mahali pa mmoja. Mafuta yatagawanyika mara nne na mazungumzo yataongezeka.

Tano, umeme. Hapa Kenya tuna bahati ambayo nchi nyingi hazina. Karibu sehemu tisa katika kumi za umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhi, maji, upepo na jua. Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981. Kule karibu na Ziwa Turkana kuna vinu vya upepo 365 vyenye nguvu ya megawati 310. Na injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta yake kwa joto tu, lakini mota ya umeme hupoteza kidogo. Tayari mabasi ya umeme na pikipiki za umeme zinaonekana katika mji huu. Jirani zetu wa Tanzania, ambao mpaka mwaka 1977 tulikuwa nao katika shirika moja la reli, walianza treni ya abiria ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Reli yetu mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, inatumia dizeli. Basi mwanafunzi wa jana ana la kutufundisha leo, na hakuna aibu ya kujifunza kwa ndugu.

JE, KAZI ZETU?

Sasa tumefika penye mwiba. Katika karakana tumesikia maneno haya waziwazi: "Mnaosifu umeme mnachimba kaburi letu. Mota haina nozeli, haina pistoni, haina mafuta ya kubadilisha. Tutakula nini?" Aliyesema hivyo si mjinga. Anakumbuka habari za mchochezi na tanuru lake. Hatutamjibu kwa mzaha.

Tunamjibu hivi. Kwanza, badiliko hili halingoji ruhusa yetu. Mwenye mali akiona mota yampunguzia gharama, ataileta, tupende tusipende. Linalobaki mikononi mwetu ni kama litakuja tukiwa mezani au tukiwa mlangoni. Wachochezi wa zamani hawakuharibiwa na dizeli. Waliharibiwa pale walipokuwa hawakutayarishiwa kazi nyingine.

Pili, gari la umeme bado ni gari. Lina magurudumu yanayochakaa, breki zinazokwisha, viunganishi, milango, fremu na springi. Njia bado ina mataruma, pointi na ishara, na mtu wa gengi bado ataamka alfajiri kuitazama. Zinaongezeka kazi za nyaya, betri na mitambo ya umeme. Zaidi ya hayo, tukipata magari ya moshi ya abiria kila nusu saa badala ya asubuhi na jioni, wanahitajika madereva zaidi, wakagua tiketi zaidi, mafundi zaidi na wasafishaji zaidi. Reli inayofanya kazi mchana kutwa inaajiri watu wengi kuliko reli inayolala.

Tatu, na hili ndilo la kushikilia kwa meno: tusikubali mashine mpya bila mkataba mpya. Mkataba huo useme mambo manne. Hakuna atakayepunguzwa kwa sababu ya mashine kabla ya kupewa nafasi ya kufundishwa. Mafunzo yafanyike saa za kazi na kwa mshahara kamili. Vijana wanaojifunza kazi wawemo tangu siku ya kwanza, wasiletwe wageni wakafanya kila kitu na kuondoka na ufunguo. Na fundi mzee ambaye hawezi tena kubadili kazi apewe haki zake zote bila kuzungushwa. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tukiogopa kulisema hili sasa kwa kuwa ni gumu, tutalia baadaye.

MAAZIMIO TUNAYOYALETA

Bwana Mwenyekiti, tunaomba mkutano uyajadili na kuyapigia kura mambo haya:

1. Katibu aandike barua kwa mwajiri kuomba mkutano juu ya ratiba ya magari ya moshi ya abiria, ili iwepo safari moja ya alfajiri kabla ya zamu ya kwanza na moja ya usiku baada ya zamu ya pili, kwa kila njia.

2. Wajumbe wa kila idara waandike kwa mwezi mmoja idadi ya saa ambazo injini huachwa zikinguruma bila kazi, na sababu yake, ili barua yetu iwe na hesabu na si manung'uniko.

3. Tawi liunde kamati ndogo ya watu watano, wawili wakiwa wanawake, ya kuonana na vyama vya madereva wa matatu na bodaboda juu ya kuzima injini stejini na juu ya mshahara wa mwezi.

4. Barua ipelekwe kwa wawakilishi wa wadi kuuliza juu ya njia za miguu, taa, na mahali pa baiskeli penye stesheni zetu.

5. Masharti yale manne juu ya mashine mpya yaingizwe katika madai ya chama ya mkataba ujao.

Ndugu zetu, hatukusema kuwa tawi moja litasafisha hewa ya dunia. Kuna nchi zilizochoma mafuta kwa miaka mia na zaidi, na deni lao ni kubwa kuliko letu mara nyingi. Lakini moshi wa steji yetu hautoki ng'ambo. Unatoka hapa, unavutwa hapa, na fedha zake zinatoka mfukoni mwetu. Kuzima injini, kujaza gari la moshi, kuwasha taa penye njia ya miguu, na kuandika mkataba kabla mashine haijafika, hayo twaweza.

Anayetaka kujiandikisha kwa ile Jumapili ya matengenezo aonane nasi kwenye mlango wa karakana baada ya mkutano. Tumeleta daftari, na mistari ya kwanza kumi iko wazi.